Neema Haiulizi Kadi

Mtu akifariki katika vijiji vya magharibi mwa Kenya vilivyo kati ya Maseno na Busia, wazee wa kanisa hufika matangani kabla hema halijasimamishwa. Huketi kwenye viti vya plastiki, hupewa chai, hutoa pole, kisha huuliza maswali matatu. Marehemu alibatizwa? Alifunga ndoa kanisani? Kadi yake ya michango iko wapi? Mjane huingia ndani, akatoka na bahasha ya kaki yenye kadi iliyokunjika pembe. Mzee huvaa miwani, hufuata safu za miezi kwa kidole. Januari, Februari na Machi zina sahihi. Kuanzia Aprili ni nafasi tupu.

Yako makanisa, na si ya dhehebu moja, ambamo nafasi hizo hulipwa papo hapo kutoka kwenye mchango wa mazishi, na risiti huandikwa kwa jina la marehemu. Familia isipolipa, jeneza haliingii kanisani, kengele haipigwi, kasisi haji na kanzu yake. Majirani huimba wenyewe, na ami mmoja mwenye sauti nzito hupewa Biblia asome Zaburi ya 23. Jumapili inayofuata, katika kanisa lilo hilo, mhubiri husoma Waefeso 2:8: “Kwa maana mmeokolewa kwa neema, kwa njia ya imani, ambayo hiyo haikutokana na nafsi zenu, ni kipawa cha Mungu.” Waumini huitika amina, na hakuna anayeshtuka.

Wengi huuita unafiki. Mimi naona ni mambo yamepangwa kinyumenyume. Sijui kanisa la hapa magharibi mwa Kenya linalofundisha waziwazi kwamba wokovu unanunuliwa. Yote hukiri kwamba ni wa bure. Kinachosahaulika ni mahali pa kanuni. Kanuni ikisimamishwa mlangoni, mtu akaulizwa kwayo kabla ya kukaribishwa, hiyo ni bei, iitwe jina lolote. Ikikaa ndani ya nyumba, kwa watu ambao tayari ni wa nyumba hiyo, ni malezi.

Mtume Paulo alipoitetea hoja hii alianza kwa kuhesabu miaka. Katika Mwanzo 15:6 Abramu anamwamini BWANA, na jambo hilo linahesabiwa kwake kuwa haki, yaani Mungu anamkubali kuwa mwenye haki. Tohara haijatajwa bado. Mwishoni mwa sura ya 16 Ishmaeli anazaliwa, baba yake akiwa na miaka 86. Tohara inakuja katika sura ya 17, Abrahamu akiwa na miaka 99. Kwa hiyo kati ya kuhesabiwa haki na kutahiriwa ilipita miaka isiyopungua 13, na ndiyo sababu Warumi 4:10 inauliza kama wakili anayemhoji shahidi: alihesabiwa lini, akiwa ametahiriwa au kabla? Katika Wagalatia 3:17 anaongeza hesabu nyingine: torati, yaani sheria ya Musa, ilikuja miaka 430 baada ya ahadi, na kilichokuja nyuma hakiwezi kutangua agano lililotangulia kuthibitishwa.

Amri Kumi nazo zina mstari wa utangulizi ambao watoto wa Shule ya Jumapili huurukishwa. Kutoka 20:2 inasema, “Mimi ni BWANA, Mungu wako, niliyekutoa katika nchi ya Misri, katika nyumba ya utumwa.” Amri ya kwanza inafuata baada ya hapo. Waliofika Sinai katika mwezi wa tatu walikuwa wameshavuka bahari, wamekula mana, wamekunywa maji ya mwambani. Pale ufuoni, jeshi la Farao likiwa nyuma yao, hakuna aliyetakiwa aonyeshe kwamba ameshika Sabato. Hata ule mstari wa Waefeso unaopendwa sana una mpangilio huo huo: mstari wa 8 neema, wa 9 unafunga mlango wa kujisifu, wa 10 ndio unaotaja matendo mema, kama kitu ambacho watu waliokwisha kuumbwa upya wanaenenda nacho.

Na Yakobo, anayesema katika waraka wake kwamba mtu huhesabiwa haki kwa matendo wala si kwa imani peke yake? Yakobo anamwangalia Abrahamu wa Mwanzo 22, akiwa na kisu mkononi mlimani Moria, miaka mingi baada ya sura ya 15. Anauliza imani iliyokwishakuwapo ilionekanaje. Paulo anauliza ilianzaje. Wakatoliki na Walutheri, waliogombana kuhusu jambo hili tangu karne ya 16, walitia sahihi tamko la pamoja kuhusu kuhesabiwa haki mjini Augsburg tarehe 31 Oktoba 1999; Wamethodisti wakajiunga mwaka 2006 na makanisa ya Kireformati mwaka 2017. Ugomvi wa matangani kwetu hautokani na Luther, basi.

Sehemu yake unatokana na lugha. Biblia ya Union Version ya mwaka 1952, ambayo wengi wetu tumelelewa nayo, inatafsiri neno moja la Kigiriki, nomos, kwa maneno mawili. Katika Wagalatia 2:16 ni “sheria”, katika 3:24 ni “torati”. Msomaji wa kawaida hudhani ni vitu viwili: torati ni ya Wayahudi na imepita, sheria ni ya Mungu na imebaki. Nimesoma vijitabu vizima vya mafundisho vilivyojengwa juu ya tofauti hiyo, ambayo Paulo mwenyewe hakuiandika.

Mstari huo wa 3:24 una tatizo kubwa zaidi: unaiita torati “kiongozi kutuleta kwa Kristo”. Kwetu kiongozi ni mbunge, gavana, mtu wa kukaa mbele. Ukisikia sheria ni kiongozi, unasimama wima. Lakini neno la Paulo ni paidagogos, na huyo alikuwa mtumwa wa nyumbani aliyekabidhiwa mtoto wa bwana wake: amsindikize hadi kwa mwalimu, ambebee vitu vyake, amlinde njiani, amchape akichepuka. Hakuwa mwalimu. Mtoto akishakomaa, kazi ya mtumwa huyo imekwisha. Mtu wa Kondele au Nyalenda, mitaa ya Kisumu, angeelewa haraka kama tungesema yaya anayemshika mtoto mkono asubuhi hadi langoni mwa shule. Yaya ana mamlaka ya kweli, tena mtoto hulia akimwona na kiboko, lakini hakuna anayemwita yaya aje kusimamia mtu wa miaka 30. Mstari wa 25 unasema wazi kwamba imani ikishakuja hatupo tena chini yake.

Neno “neema” nalo lina mtego. Katika Kiswahili cha kila siku neema ni wingi wa vitu: mwaka wa neema ni mwaka ambao ghala limejaa mahindi na ng'ombe wana maziwa. Charis, neno la Kigiriki analotumia Paulo, ni fadhili kwa asiyestahili, iwe ghala limejaa au ni tupu. Mikutano mingi ya hadhara mjini Nakuru na Kisumu hutumia maana ya kwanza ikidai ya pili. Panda mbegu ya shilingi elfu upokee neema! Msemo huo una sura ya injili ya bure, na ndani yake ni sheria kavu ya nipe nikupe, kali kuliko ya Musa, kwa kuwa Musa alitaja kiwango na hapa kiwango hupanda kila Jumapili.

Tohara inaonyesha jambo hili vizuri, na sidhani kuna mahali pazuri pa kusomea Wagalatia kuliko kati ya Bungoma na Kisumu. Kwa Wabukusu, Agosti ya kila mwaka unaogawika kwa mbili ni msimu wa kutahiri. Kijana huzunguka kwa jamaa akipiga njuga, hupakwa matope mtoni alfajiri, husimama mbele ya ngariba bila kupepesa macho. Akitoka hapo amekuwa mtu mzima katika ukoo. Mkristo wa Kibukusu anayempeleka mwanawe mtoni hadai kwamba amemwokoa. Upande wa pili, Waluo hawakuwa na tohara katika mila zao. Alama yao ilikuwa kung'oa meno sita ya chini. Kisha katika miaka ya 1910 Johana Owalo akaanzisha Kanisa la Nomiya, ambalo limejulikana tangu hapo kwa kutahiri watoto wake wa kiume kwa kufuata agano la Abrahamu. Jina Nomiya kwa Kijaluo lina maana ya “nilipewa”, na ni vigumu kupata jina lililo karibu zaidi na neema. Halafu mwaka 2008 serikali ikaanza kampeni ya tohara ya hiari ya kitabibu, ikianzia Nyanza, baada ya utafiti uliofanywa Kisumu, Rakai nchini Uganda na Orange Farm nchini Afrika Kusini kuonyesha kwamba inapunguza kwa takriban asilimia 60 uwezekano wa mwanamume kuambukizwa VVU na mwanamke.

Kisu ni kimoja: kwa huyu ni utu uzima, kwa yule ni agano, kwa wa tatu ni afya. Paulo mwenyewe alikataa Tito alazimishwe kutahiriwa (Wagalatia 2:3), kisha akamtahiri Timotheo kwa mkono wake (Matendo 16:3). Wanaomwona kigeugeu hawajatazama kilichokuwa kikidaiwa. Kwa Tito, tohara ilitakiwa kama sharti la kuhesabiwa kuwa wa Mungu. Hapo Paulo hakulegea hata kidogo, na aliwaambia Wagalatia kwamba wakitahiriwa kwa nia hiyo Kristo hatawafaidia neno. Kwa Timotheo, ambaye mama yake alikuwa Myahudi, ilikuwa njia ya kuingia masinagogi bila ugomvi. Kipimo hicho kinatosha kwa kanuni nyingi za makanisa yetu: kanzu nyeupe na kilemba za African Israel Church Nineveh, lililoanzishwa na Zakayo Kivuli mwaka 1942 katika eneo ambalo leo ni kaunti ya Vihiga, kujiepusha kwao na nguruwe, pombe na tumbaku, kuungama kwao hadharani. Ukimwuliza muumini “ukiacha hili, Mungu atakuwa amekuacha?”, jibu lake litakuambia kanuni imekaa mlangoni au sebuleni.

Mwaka 1888 suala hili lilijadiliwa katika mikutano miwili mbalimbali, na yote miwili iligusa maisha ya huku kwetu baadaye. Wa kwanza ni wa maaskofu wa Kianglikana huko Lambeth, London. Waliamua kwamba mwanamume mwenye wake wengi asibatizwe. Awekwe kwenye mafundisho hadi atakapokuwa katika hali ya kuikubali sheria ya Kristo. Wake zake wangeweza kubatizwa katika hali fulani, uamuzi ukiachiwa kanisa la mahali. Angalia matokeo ya maneno hayo katika boma lenye nyumba tatu. Mzee anayetaka ubatizo anabaki na mke mmoja na kuwafukuza wawili, pamoja na watoto, kurudi kwa ndugu ambao hawana shamba la kuwagawia. Mtu mmoja anaingia kanisani na familia mbili zinaingia kwenye njaa, na mzigo wa sheria umebebwa na wasiotoa uamuzi. Ilichukua miaka 100 kamili. Mwaka 1988 Lambeth hiyo hiyo, Askofu David Gitari wa Kenya akiwa miongoni mwa waliolisukuma jambo hilo, iliruhusu mwanamume huyo abatizwe na kuthibitishwa pamoja na wake na watoto walioamini. Masharti yalikuwa kwamba aahidi kutooa tena maadamu mmoja wa wake hao yu hai, na kwamba Waanglikana wa mahali pake waridhie kumpokea. Asilazimishwe kumwacha mke yeyote, kwa sababu ya dhiki ambayo mke huyo angepata. Ndoa ya mke mmoja haikufutwa hata chembe. Ilihamishwa tu kutoka mlangoni kuingia ndani.

Mkutano wa pili ulikuwa wa Waadventista wa Sabato, mjini Minneapolis, Marekani. Mabishano yaliwaka juu ya mstari ule ule wa yaya: sheria inayotajwa katika Wagalatia 3:24 ni ya sherehe na dhabihu tu, kama viongozi wa zamani walivyofundisha, au ni pamoja na Amri Kumi? Vijana wawili, Waggoner na Jones, walihubiri haki kwa imani, na Ellen White, mmoja wa waanzilishi wa kanisa hilo, akasimama upande wao. Leo tamko rasmi la imani la kanisa hilo, ambalo lilifika Gendia karibu na Kendu Bay mwaka 1906, linasema wokovu wote ni wa neema wala si wa matendo, na kwamba utii wa amri ni tunda lake. Kwa hiyo anayewatuhumu Wasabato wa Kisii na Homa Bay kwamba wanataka kuokolewa kwa Jumamosi hajasoma mafundisho yao. Ila Msabato anayemwambia jirani yake Mkatoliki kwamba Jumapili yake imempoteza, naye hajayasoma.

Suala la zaka halinichukui muda mrefu, maana torati yenyewe inaliumbua. Malaki 3:10 husomwa peke yake, kama hati ya madai. Fungu la kumi la torati lilihusu mazao na mifugo, na lilikuwa na matumizi zaidi ya moja. Hesabu 18:21 inawapa Walawi. Kumbukumbu 14:22-27 inamwambia mwenye mazao alile yeye na jamaa yake mbele za BWANA, na kama safari ni ndefu auze, abebe fedha, anunue huko ng'ombe, kondoo, mvinyo au kileo, chochote roho yake itakacho. (Mstari huo wa kileo sijawahi kuusikia ukisomwa wakati wa sadaka.) Kisha mistari ya 28 na 29: kila mwaka wa tatu fungu hilo liwekwe malangoni, ale Mlawi, mgeni, yatima na mjane. Kwa torati yenyewe, yule mama mwenye bahasha ya kaki angekuwa upande wa kupokea. Agano Jipya likija kuzungumzia kutoa, 2 Wakorintho 9:7 inasema si kwa huzuni, wala si kwa lazima.

Sasa wako wanaosikia haya na kufurahi kupita kiasi. Tufute kanuni zote, tubaki na neema! Paulo alishalijibu: “Tudumu katika dhambi ili neema izidi kuwa nyingi? Hasha!” Mimi nina hofu ya karibu zaidi. Kanisa likifuta kanuni zilizoandikwa, kanuni haziondoki. Zinahamia kichwani mwa mchungaji. Kanuni ya karatasini unaweza kuisoma, kuipinga kwenye kikao, kuikatia rufaa. Ya kichwani hubadilika kulingana na aliyemtembelea jana jioni. Nidhamu ya kanisa ina nafasi yake. Mweka hazina aliyekula pesa za akina mama anastahili kuondolewa kwenye Meza ya Bwana, na 1 Wakorintho 5 iko wazi kuhusu jambo la namna hiyo. Linaloharibika huwa ni muda. Adhabu hutolewa bila tarehe ya mwisho, mtu akakaa benchi la nyuma miaka 10, 20, hadi aliyemwadhibu amestaafu na kosa limesahaulika. Paulo, kwa mtu aliyekuwa ameadhibiwa Korintho, aliandika: “Yamtosha mtu kama huyo adhabu hii.” Msameheni, mfarijini, asije akamezwa na huzuni.

Wengi wa wanaokaa benchi hilo la nyuma hawana kosa la kutisha. Ni wanandoa walioishi pamoja miaka 15, wana watoto wanne, na hawajafunga ndoa kanisani kwa sababu ng'ombe wa mahari hawajatimia na wazazi wa mke hawawezi kutoa kibali kabla ya hapo. Kanisa linadai cheti, ukoo unadai mifugo, na wawili hao hawapati ushirika. Makanisa yanayoandaa ndoa za pamoja, jozi kadhaa asubuhi moja, bila keki wala magari, yamefanya zaidi kwa ajili ya utakatifu wa ndoa kuliko yanayohesabu nani kajongea mezani. Kazi ngumu iko kabla ya siku hiyo: mchungaji kwenda mwenyewe kwa wakwe, miezi miwili mitatu mapema, kuomba kibali kitolewe na mahari ibaki deni.

Turudi matangani, maana ndiko kanuni isiyoandikwa inakoumiza zaidi. Kitabu cha Sala cha Waanglikana cha 1662, ambacho hakuna anayekiita legevu, kinataja watu wa aina tatu ambao ibada ya mazishi haisomwi juu yao: wasiobatizwa, waliotengwa rasmi na kanisa, na waliojiua. Wenye deni la zaka hawamo. Sheria ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1983, kanuni ya 1184, inawanyima mazishi waasi wa imani wanaojulikana, waliochagua kuchomwa kwa kuipinga imani, na wadhambi wa wazi ambao mazishi yao yangekwaza waumini. Tena wote hao ikiwa hawakuonyesha dalili yoyote ya toba kabla ya kufa. Kanuni ya 1183 inawahesabu wanaoandaliwa kwa ubatizo pamoja na waamini. Kanuni ya 1181 inaonya kwamba maskini wasinyimwe mazishi ya heshima. Sheria iliyoandikwa, ile inayosemwa vibaya kila siku kwamba inaua, ina huruma kuliko desturi ya wazee wanne chini ya mwembe.

Kwa hiyo familia haina haja ya kubishana teolojia na wazee waliofika matangani. Iombe kuonyeshwa kifungu: katiba ya kanisa, ukurasa, namba. Itoe cheti cha ubatizo kama kipo, na kama hakipo iombe daftari la ubatizo la parokia au dayosisi lifunguliwe kwa mwaka huo. Kama wazee watasema ni makubaliano ya kikao, iombe kumbukumbu za kikao hicho. Mara nyingi mazungumzo huishia hapo, kasisi akapigiwa simu, na ibada ikapangwa saa nne.

Kadi yenyewe si lazima ichomwe. Nafasi ya Aprili ilikuwa tupu tangu Mei, na kila aliyeshika daftari aliiona. Kuna mzee wa kanisa aliyepaswa kupanda bodaboda mwezi huo, kuja kukaa kwenye kiti hicho hicho cha plastiki, kumwuliza mwenye nyumba mwenyewe anaumwa nini.